Kati ya Mafuriko na Maafa

Mada ya leo ni neno. Huenda likaonekana jambo la ajabu kwamba katika kaunti ya Tana River, ambayo mwaka mmoja hukimbia maji na mwaka unaofuata huyatafuta, kikao kizima kitumike kuzungumzia neno. Lakini tahadhari hutolewa kwa maneno, misaada huombwa kwa maneno, na bajeti hupitishwa kwa maneno. Neno likitumiwa ovyo, mtu hulala nyumbani kwake usiku ambao alipaswa kuwa ameshahama.

Neno lenyewe ni maafa, pamoja na ndugu zake: janga, balaa, msiba na ajali. Watu wengi huyatumia kana kwamba yote ni mamoja, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Hata hivyo kila moja lina ukoo wake, na ukoo huo ndio unaoelekeza mawazo ya msikilizaji hata bila yeye kujua.

Maafa limetoka katika Kiarabu, kwenye neno afa. Kwa Waarabu, afa ni kitu kinachoingia katika jambo zima na kuliharibu: ugonjwa ndani ya mwili, kasoro ndani ya kazi, wadudu ndani ya shamba. Hadi leo, maafisa wa kilimo katika nchi za Kiarabu wakizungumzia nzige au viwavi wanaoshambulia mazao hutumia neno hilo hilo. Kwa hiyo asili yake haiko mbali na mkulima. Ni neno la mtu aliyeamka asubuhi akakuta mahindi yake yametobolewa.

Waswahili walipolipokea walilitia katika ngeli ya LI-YA. Kamusi zinaonyesha umoja, afa, na wingi, maafa. Lakini ni nani aliyewahi kusikia mtu akisema "jana tumepatwa na afa moja"? Umoja umebaki kamusini. Katika vinywa vya watu neno hili liko upande mmoja na maji, mafuta na maziwa, vitu visivyohesabiwa kimoja kimoja. Anayetaja maafa huwa anataja hasara ikiwa imejumlishwa: roho zilizopotea, mifugo iliyosombwa, nyumba zilizobomoka, watoto walioacha shule.

Neno hili limesafiri mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa karne ya 20 mwanazuoni wa Marekani, Marimba Ani, alilichukua kutoka Kiswahili ili kutaja biashara ya utumwa na mateso yote yaliyowafuata watu wenye asili ya Afrika. Leo kuna vitabu na makongamano huko Marekani ambako Maafa, kwa herufi kubwa, ni jina la historia hiyo nzima. Walichagua vyema. Walitaka neno la jumla ya hasara, nalo lilikuwa tayari.

Sasa ichukuliwe sentensi ambayo kila mtu hapa ameisikia redioni: "Mafuriko yamesababisha maafa." Ni sentensi ya kawaida kabisa, lakini ina vitu viwili, si kimoja. Kuna mafuriko, yaani maji yaliyofurika. Kuna maafa, yaani kilichobaki baada ya maji kuwapitia watu. Hakuna mtangazaji anayegeuza akasema maafa yamesababisha mafuriko. Vivyo hivyo kwa ukame, kwa moto na kwa maporomoko ya ardhi. Kiswahili huweka kinachokuja upande mmoja, na kinachoachwa upande wa pili. Katikati yake kuna kitenzi, kusababisha, na ndani ya kitenzi hicho mna nafasi. Wakati mwingine nafasi hiyo ni ya saa chache, wakati mwingine ni ya wiki tatu.

Wataalamu wa dunia wamehangaika miaka mingi kusema jambo hilo hilo. Machi 2015, mataifa yalikutana katika mji wa Sendai, Japani, yakakubaliana juu ya mwongozo wa kupunguza hatari za maafa hadi mwaka 2030. Msingi wa mwongozo huo ni kwamba mvua kubwa, tetemeko au kiangazi kirefu ni tishio tu. Maafa hutokea tishio linapokutana na watu walio njiani mwake na wasio na kinga. Ndiyo maana wataalamu hao hawapendi kusikia watu wakisema "maafa ya asili". Mvua ni ya asili. Kujenga zahanati mahali ambapo mto hupita kila baada ya miaka michache si jambo la asili, ni uamuzi wa watu.

Wakazi wa kando ya Mto Tana hawahitaji kufundishwa hili na Sendai. Kwa vizazi vingi Wapokomo wamelima kwa kuyafuata mafuriko: maji hupanda, hukaa, hushuka, na udongo mweusi ulioachwa hupandwa mpunga, mahindi na ndizi. Wafugaji wa Orma na Wardei huingia kwenye delta wakati wa kiangazi kwa sababu maji yaliyotuama huko yameotesha majani. Mto usipofurika kabisa, mkulima hulalamika, mfugaji hulalamika, na hata mvuvi kwenye maziwa madogo ya delta hulalamika. Mtu anayetafsiri mafuriko moja kwa moja kuwa ni maafa hajawahi kulima mpunga Garsen.

Kwa hiyo swali la maana halijawahi kuwa "je, maji yatakuja?" Mto huu, mrefu kuliko yote nchini, unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini. Mabwawa yakijaa, maji humwagika. Mwagiko huo huchukua siku kadhaa kufika huku chini, na mara nyingi hufika wakati hakuna hata wingu. Hapo ndipo mgeni hushangaa: jua linawaka, vumbi linatimka, na mto unapanda. Mwenyeji anayetazama mbingu tu hudanganyika. Anayesikiliza habari za Masinga huwa na siku tatu nne mkononi za kuvusha mbuzi, kupandisha magunia na kumhamisha mama mzazi asiyeweza kutembea.

Hapo ni vyema kugeukia neno lingine, ambalo limefanya madhara zaidi kuliko linavyodhaniwa. Neno hilo ni ajali.

Nalo ni la Kiarabu. Huko maana yake si kugongana kwa magari. Ni muda uliowekwa, hasa ule wa mwisho wa uhai wa mtu, ambao hausogezwi mbele wala nyuma. Maana hiyo ipo bado katika Kiswahili cha wazee, wanaposema ya marehemu kwamba ajali yake ilikuwa imefika. Baadaye neno likapanuka, likaanza kutumiwa kwa jambo lolote baya la ghafla, na sasa linatumiwa kwa matatu iliyopinduka, kwa jiko lililolipuka na kwa mtoto aliyetumbukia kisimani. Maana ikahama, lakini methali iliyozaliwa na maana ile ya kwanza haikuhama. Ajali haina kinga. Kwa siku ya kufa iliyoandikwa, methali hiyo ni kweli tupu na hakuna muumini atakayebishana nayo. Kwa dereva anayelipita lori kwenye kona, ni kisingizio.

Maneno ya Ulaya nayo hayakusalimika. Neno la Kiingereza disaster lilitokana na lugha za Kilatini za kule, na ndani yake mna nyota: jambo baya lililotokea kwa sababu nyota zilikaa vibaya. Anayesema "nyota yake haikuwa nzuri siku ile" anasema kitu kile kile kwa Kiswahili. Inaonekana watu wa kila bara hupenda kumtafutia msiba mwenyewe aliye mbali, ambaye hawezi kuitwa kwenye baraza la chifu akaulizwa.

Aprili 2024 kaunti hii iliona mambo mawili. Mapema mwezi huo basi la abiria zaidi ya 50 lilijaribu kuvuka maji yaliyofunika barabara ya Garissa eneo la Tula, likasukumwa nje ya barabara. Abiria walipanda juu ya paa, waokoaji wakafika, na wote wakaokolewa. Mwisho wa mwezi huo huo, boti iliyokuwa ikivusha watu kwenye maji ya mafuriko eneo la Kona Punda, Madogo, ilizama, na baadhi ya waliokuwamo hawakuonekana tena wakiwa hai. Vyote viwili viliitwa ajali, na siku hiyo ya pili familia zilistahili kuachwa ziomboleze kwa neno lolote lililozituliza. Lakini yanayofuata baada ya maombolezo yanataka neno jingine. Boti ilibeba wangapi? Ilikuwa na maboya ya kujiokolea? Nani aliamua kwamba maji yale yanavukika? Neno ajali, kwa ukoo wake, halina nafasi ya maswali hayo. Halikuumbwa kwa ajili yake.

Waislamu wanaijua simulizi ya yule bedui aliyeagizwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Katika kaunti yenye ngamia wengi hivi, haihitaji maelezo.

Neno janga lina tabia tofauti. Linapendwa sana Kenya. Vitengo vya serikali huitwa vya kukabiliana na majanga, na magazeti hulitumia kuliko maafa. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mambo ni kinyume: Ofisi ya Waziri Mkuu ina Idara ya Menejimenti ya Maafa, na Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Mtu anayesoma taarifa za pande zote mbili hukutana na kazi ile ile kwa majina mawili. Tofauti ndogo ni kwamba janga lina umoja unaotumika. Janga hili, lile, la pili. Ni tukio lenye jina na tarehe.

Na janga lina methali ambayo ni kinyume kabisa cha ile ya ajali. Mchuma janga hula na wa kwao. Hapo janga halijaandikwa popote. Limechumwa, kama mtu anavyochuma embe, kwa mkono wa mtu anayejulikana, kisha likaletwa nyumbani na wote wakala, hata waliokuwa wamelala. Wahenga waliotunga methali hiyo walikuwa wakiongea habari za tabia ya mtu na aibu ya jamaa zake, lakini hakuna maneno yanayofaa zaidi kwa mto. Anayekata miti ya kingo za mto juu huko hachumi peke yake. Udongo unaoachiliwa mlimani unajaza mabwawa, bwawa lililojaa tope lina nafasi ndogo ya kuzuia maji, na wa kwao wanaokula wako kilomita mamia kadhaa chini, hawajawahi hata kuuona mlima wenyewe.

Vilevile ndani ya kaunti. Anayezuia njia ya zamani ya maji kwa ukuta wa kiwanja chake, anayechoma mkaa kwenye msitu wa kingo, anayeuza ploti mahali ambapo wazee walikuwa wakipaita jina la bwawa. Majina ya mahali yana habari nyingi, na wanunuzi wa ardhi wangefanya vyema kumuuliza mzee maana ya jina kabla ya kumuuliza dalali bei.

Balaa halihitaji maneno mengi. Kwa Kiarabu ni majaribu, mtihani anaopewa mtu ili imani yake ionekane. Mitaani sasa mshambuliaji hodari wa mpira huitwa balaa, na hiyo ni sifa. Majanga nalo limefuata njia hiyo: simu imeisha chaji, majanga, mchuzi umezidi chumvi, majanga. Lugha ni ya watu na vijana wana haki ya kucheza nayo. Ila maafisa wanaotoa matangazo wakumbuke kwamba neno wanalolitumia asubuhi kwa mto limetumiwa jana jioni kwa mchuzi. Msiba, kwa upande wake, umebaki na uzito wake wote, kwa sababu umebaki nyumbani mwa mtu. Kwa Kiarabu ni kile kilichompata mtu, kama mshale unavyompata mnyama.

Serikali inapolitamka neno rasmi, mambo hubadilika. Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mgonjwa wa kwanza nchini alikuwa amegunduliwa mwaka 1984. Katika ile miaka 15 ugonjwa ulikuwa na majina mengi ya kunong'onezwa, na watu walizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Baada ya tangazo lile kukaanzishwa baraza la kitaifa la kuudhibiti, fedha zikatengwa, na viongozi wakaanza kulitaja jina hadharani, hata kwenye mazishi. Virusi havikubadilika siku ile ya Novemba. Kilichobadilika ni kwamba hakuna ofisi iliyoweza tena kusema halijui jambo hilo.

Ukame nao umetangazwa janga la kitaifa, Februari 2017 na tena Septemba 2021, mara zote na Rais Uhuru Kenyatta. Wafugaji wa Bura na Bangale wanaweza kueleza vizuri kuliko yeyote hali ya mifugo yao ilikuwaje siku ambayo tangazo lilitoka, na hali ilikuwaje miezi minne kabla yake. Tangazo la janga lina kazi muhimu ya kufungua milango ya misaada. Lakini kwa asili yake huja ng'ombe wakiwa tayari chini.

Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 zenye ukame, hii ikiwa mojawapo. Taarifa hiyo huigawa hali katika ngazi, ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa kawaida, tahadhari, hatari, dharura na kupata nafuu. Kinachopimwa si mvua tu. Hupimwa malisho kwa picha za setilaiti, umbali ambao mifugo na akina mama wanatembea kufika majini, kiasi cha maziwa nyumbani, mbuzi mmoja anabadilishwa kwa kilo ngapi za mahindi, na unene wa mkono wa mtoto mdogo. Mfugaji anayesikia kwamba kaunti imehama kutoka kawaida hadi tahadhari ana sababu ya kuuza madume mawili wakati bei bado ni nzuri. Akisubiri neno dharura, atauza ngozi.

Neno dharura ndilo lenye pesa ndani yake, na hapa wakazi wanapaswa kuwa macho. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kuzima moto na kukabiliana na majanga, huku serikali ya kitaifa nayo ikibaki na sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Lakini hazina hiyo ina masharti: ni ya matumizi ya haraka ambayo hayakutazamiwa, na malipo yake kwa mwaka hayawezi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia.

Hayakutazamiwa. Neno hilo moja linatosha kuanzisha mjadala wa siku nzima. Je, mafuriko ya Mto Tana hayatazamiwi? Yalikuja 1961. Yalikuja 1997 na 1998 wakati wa El Niño. Yalikuja 2018, yakaja mwishoni mwa 2023, na kabla matope hayajakauka yakaja tena 2024. Jambo linalorudi hivyo halina sifa ya dharura. Lina sifa ya msimu. Mahali pake ni kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, pamoja na barabara na zahanati, ukiwa na fungu lake: boti zenye maboya, ghala za juu, vyoo kwenye sehemu za kuhamia, tuta la kuzuia maji pale linapohitajika. Mkazi anayekuja kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma na kusema "tunaomba msaada maafa yakitokea" atajibiwa kwamba kuna hazina ya dharura. Anayesema "maji yatafika kijijini mwetu kabla ya miaka mitano, tuonyesheni fungu lake" ameuliza swali ambalo lazima liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Limebaki neno tahadhari, ambalo ndilo pekee kati ya yote haya linalotamkwa kabla. Limetoka katika Kiarabu pia, kwenye kitendo cha kujihadhari. Tatizo lake ni kwamba limechoka. "Wananchi wanaoishi maeneo ya chini wanashauriwa kuchukua tahadhari." Tangazo hilo limesomwa mara nyingi sana, na kila anayelisikia hudhani maeneo ya chini ni kwa jirani. Na tahadhari inachukuliwaje? Kwa mkono? Kwa gari? Tangazo linalosaidia hutaja mahali kwa jina, hutaja siku, na hutaja tendo: maji ya Masinga yameanza kumwagika, wakazi wa vijiji fulani na fulani wavushe mifugo na wahamie shule ya msingi fulani kabla ya Alhamisi jioni, mzee wa kijiji ana orodha ya wasiojiweza, namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199 na haitozwi pesa. Litangazwe kwa Kiswahili, lirudiwe kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, redioni na msikitini na kanisani. Tangazo la namna hiyo ni refu. Urefu wake ni saa za usingizi ambazo mtu anaokolewa.

Ni haki pia kueleza kwa nini watu huwa hawahami hata wakisikia. Si ukaidi. Mtu ana migomba iliyo karibu kukatwa. Ana mlango ambao akiuacha wezi watauvunja. Aliwahi kuhama mwaka fulani, akalala chini ya turubai wiki mbili, na maji hayakuja. Mara ya pili hakuamini. Tangazo linalokosea lina gharama, na linapokosea lirudiwe kwa uwazi: maji yalitazamiwa kufikia hapa, yameishia pale, sababu ni hii. Watu wazima wakielezwa huelewa. Wakiachwa kimya huhitimisha wenyewe kwamba walidanganywa, na mwaka unaofuata gharama hiyo hulipwa na watoto.

Waarabu, wenye neno lao afa, wana msemo kwamba afa ya elimu ni kusahau. Hapo ndipo neno hili linaporudi kwenye maana yake ya kwanza ya mdudu anayekula kitu kizima kutoka ndani. Mzee aliyeona maji ya 1961 akiwa kijana wa miaka 15 sasa yuko karibu na miaka 80. Yeye anajua maji yalifika kwenye mti gani. Mjukuu wake aliyejenga mita 30 kutoka mtoni hajui, na hajauliza. Katika nchi kadhaa zenye mito mikubwa watu huchonga alama kwenye nguzo za madaraja na kuta za majengo kuonyesha maji yalifikia wapi na mwaka gani, ili asiyekuwapo aone kwa macho. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kopo la rangi, mzee mmoja anayekumbuka, karani wa wadi wa kuandika, na asubuhi moja ya kutembea kijijini kutoka ukuta wa shule hadi mti wa mkutano, ikianza na mwaka 1961 na kumalizia 2024, kabla ya mvua za vuli.